Meno ya bandia ya bi mkubwa yamelala kwenye jiki usiku kucha, bado yanafaa?

Kijana wa Mbagala

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana hapa home hakukaliki, bi mkubwa kanuna toka asubuhi na kagoma kula mbele za watu. Yeye ana meno ya bandia, juu ni seti nzima ya plastiki ile ya pinki, chini ni ya vipande, yana chuma na vile vindoano vya kushikilia meno yake mwenyewe yaliyobaki. Sasa bi mkubwa ni mtu wa pwani, chai ya rangi kutwa mara nne na tambuu jioni, kwahiyo meno yalishakuwa kahawia kama chujio la chai. Jana binti anayetusaidia kazi kwa nia njema kabisa akasema ngoja niyang'arishe, akachukua jiki (naiita jiki ila ni ile ya kupimiwa mtaani kwenye chupa ya maji, hata sijui ina nguvu kiasi gani) akamimina kikombe kizima bila tone la maji akatumbukiza yote, akaenda zake kulala.

Asubuhi pinki yote imepauka, imekuwa kama mbegu ya ubuyu uliokwishamumunywa. Chuma kimeweka madoa meusi. Nimesuuza mpaka mkono umechoka ila bi mkubwa anasema bado anasikia harufu. Swali, avae au asivae? Na yasafishwe na nini? Dukani kwa dawa wananiambia kuna vidonge vya kutoa mapovu, jirani anasema mswaki na dawa ya meno inatosha. Nani mkweli hapo?

Mzee wa Gahawa

Hahahaa poleni, mpikieni mtori kwanza. Ila siriasi, chemsha tu kwenye sufuria dakika tano harufu inakata, mbona chupa za watoto tunachemsha. Yale madoa yakigoma changanya jiki kidogo na siki, hapo hakuna doa linalobaki.

Fundi Meno Ilala

Mzee wa Gahawa shikamoo, ila hapo utaua mtu. Jiki ukiichanganya na siki inatoka hewa ya klorini, inaunguza macho na mapafu, na kwa vyoo vyetu hivi visivyo na dirisha ndo balaa kabisa. Na kuchemsha pia hapana, hiyo pinki ni akriliki (aina ya plastiki), maji ya moto yanaipinda, kwa macho huoni kitu ila ukivaa linacheza au linachoma ufizi, na likishapinda halinyooki tena, unaanza moja kwa kupimwa upya.

Mleta uzi, mimi niko maabara ya meno miaka mingi sasa na kitu cha kwanza huwa nauliza ni je, lina chuma? Maana watu wanauliza dawa gani nzuri kama vile meno ya bandia yote ni kitu kimoja. La juu la bi mkubwa halina chuma, hilo jiki imekula rangi tu, likiwa bado linakaa vizuri na halijakwaruza anaweza kulitumia, ubaya ni sura. La chini ndo lina kesi. Kile chuma mara nyingi ni mchanganyiko wa kobalti na kromi, hakipati kutu kirahisi mdomoni ila klorini inakitoboa vitobo vidogo vidogo na kukitia weusi, na kindoano ni chembamba, kikishaliwa siku moja kinakatika akiwa anatafuna. Hilo asivae mpaka daktari alione. Wenzetu Marekani chama cha mabingwa wa meno bandia kilitoa mwongozo 2011, kinasema meno ya bandia yasikae kwenye jiki zaidi ya dakika 10. Nyie mmelaza usiku mzima tena kavu kavu!

Harufu, loweka kwenye maji safi ya kawaida, badilisha maji mara kadhaa, itaisha.

Mama Twins

Pole kaka. Mimi langu la maji ya moto maana lilinikuta, binti yangu ana retena, kile kifaa cha kushikilia meno yasirudi kupinda, ile ya plastiki nyeupe inayoonekana kama glasi, nikaimwagia maji yaliyotoka kwenye jagi la umeme nikijua naua wadudu. Ilijikunja mbele ya macho yangu kama mfuko wa rambo uliosogezwa jikoni. Tukalipia nyingine. Na baba mkwe yeye alikuwa anasugua ya kwake na dawa ya meno ile ya kung'arisha, kila siku yanazidi kuweka doa, tukawa tunamlaumu sigara kumbe wee!

Fundi Meno Ilala

@Mama Twins umenena. Dawa ya meno ina chenga za kusugulia, jino la asili ni gumu linahimili, akriliki ni laini, inachanika michirizi midogo ambayo huioni, humo ndo rangi ya chai inaingia na ukoga na fangasi wanapata nyumba. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kidogo na mswaki laini inatosha kabisa. Na aoshee juu ya beseni lenye maji, likiponyoka lisipasuke kwenye sakafu.

Kijana wa Mbagala

Mkuu ubarikiwe. Na vidonge je? Halafu bi mkubwa huwa analala nayo, anasema akiyatoa anaonekana kikongwe.

Fundi Meno Ilala

Vidonge ni vizuri, ila soma boksi maana kuna vya meno yenye chuma na kuna visivyofaa. Unaloweka nje ya mdomo muda ulioandikwa, kisha unapiga mswaki na kusuuza haswa kabla ya kuvaa. Asitafune wala kusukutulia maji yake. Vingi vina kemikali inaitwa pasalfeti, wengine inawaletea mzio, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishataka maboksi yawekwe onyo hilo tangu 2008.

Usiku ayatoe mkuu. Akilala nayo kaakaa linakuwa jekundu, fangasi wanajaa chini yake. Akiyatoa ayaweke kwenye maji, yasikae makavu, akriliki ikikauka inabadilika umbo. Madoa ya tambuu yaliyoganda na ule ugaga mgumu tuleteeni sisi tuna mashine ya kung'arisha, msikwangue na kisu.

Mzee wa Gahawa

Marahaba fundi. Nafuta ushauri wangu, na ya kwangu nayatoa kwenye sufuria sasa hivi.

Kijana wa Mbagala

Mrejesho wakuu. Leo tumetoka kwa daktari, la juu kasema libaki, limeng'arishwa, rangi ndo hivyo tena. La chini kindoano kimoja kimelika, linatengenezwa upya, nimeshaacha advansi. Binti kalia wee, bi mkubwa kamwambia yameisha, ila kikombe cha meno kakihamishia kabatini kwake na funguo kafunga kwenye pindo la kanga.