Kususia gemu: haki, au tunajikomoa wenyewe? (Bukavu)

Mwana-Kadutu: Wandugu, juzi kwenye chumba cha plei (PlayStation) kijana alikataa kushika manete, kile kidude cha kuchezea. Eti amesusia ile kampuni, wakubwa wake wana mambo mabaya. Wenzake wakamcheka. Nauliza: ni haki kususia gemu iliyotengenezwa na mamia ya vibarua kwa ajili ya kosa la bosi mmoja?

Yaya wa Nguba: Ni haki, na inauma pale panapouma. Mei 2024 Sony iliwaambia wachezaji wa Helldivers 2 wa kompyuta wafungue akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation, kwa lazima. Congo haimo hata kwenye orodha ya PSN! Gemu ikaondolewa kuuzwa katika nchi zaidi ya 100. Watu wakamwaga maoni mabaya, siku chache tu Sony ikarudi nyuma.

Fundi Manete: Yaya, wewe umenunua gemu gani tangu uzaliwe? Zako zote ni za kunakili. Asiyenunua anasusia nini?

Yaya wa Nguba: Nakala hizo nani aliniwekea kwenye diski? Wewe! Dola 5, na ligi mpaka leo haifunguki.

Mtoto wa Essence: 😂😂 Hata wazungu ni hivyo hivyo. 2009 walifungua kundi mtandaoni la kususia gemu ya Modern Warfare 2. Siku ilipotoka, picha ya kundi ikaonyesha wengi wako ndani wanaicheza. Na 2023 walisema watasusia gemu ya Hogwarts Legacy kwa sababu ya maneno ya Rowling, mwandishi wa Harry Potter, kuhusu watu waliobadili jinsia, ikauza nakala milioni 12 kwa wiki 2.

Papa Shabunda: Nyinyi watoto mnacheza. Sisi ndio tuliosusiwa. Ndani ya hizo plei kuna madini ya tantali, na tantali inatoka kwenye coltan yetu. 2010 Wamarekani wakapitisha sheria ya Dodd-Frank, kampuni ziseme madini yametoka wapi. Wanunuzi wakakimbia. Kabila, rais wa wakati huo, naye akafunga machimbo ya Kivu na Maniema mwaka mzima. Mdogo wangu alikuwa anauza mawe. Alirudi na begi moja na redio isiyo na betri. Watoto wake wakafukuzwa shule, minervali (ada) hakuna. Aliyesusia huko alilala vizuri.

Yaya wa Nguba: Si mwaka mzima, Papa. Septemba 2010 mpaka Machi 2011. Na bunduki za waasi je, zilikuwa zinalishwa na nini kama si mawe hayo?

Papa Shabunda: Miezi 6 unahesabu wewe uliyekula asubuhi.

Mwana-Kadutu: Papa, heshima yako, lakini ile ilikuwa sheria. Mimi nauliza mtu na pesa yake mfukoni.

Papa Shabunda: Wanunuzi walikimbia nani akiwashikia fimbo? Sheria iliwaambia waseme tu.

Fundi Manete: Narudi kwa diski. Yaya, ilikuwa mbovu tangu kwako. Usinichafulie jina mbele za watu.

Mtoto wa Essence: Kwa hiyo anayetaka kususia aanze na chumba cha Fundi?

Fundi Manete: Yaya alete diski kesho saa nane, umeme ukiwepo.

Mwana-Kadutu: Umeme ukiwepo! Faranka 500 zangu za juzi zilikatikia dakika ya 80, hukurudisha.

Fundi Manete: Ulikuwa umefungwa 3-0.