Mrejesho: nimeirudia Swamp Thing

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kama katuni ya shujaa iliyonichosha mwanzoni inastahili nafasi ya pili. Ni Swamp Thing, ule mfululizo ulioanza 1982. Niliuacha toleo la sita. Mkaniambia niruke hadi la 20, la Januari 1984, Alan Moore anaposhika kalamu. Nilibisha kidogo (sipendi kuruka), ila nikaruka.

Hilo la 20 linafagia uwanja tu. Mambo yenyewe yako kwenye la 21. Lile jitu la kinamasi limelala maabara, mwanasayansi Woodrue analipasua, anakuta mapafu yasiyoweza kuvuta hewa. Viungo vya kuigiza! Kumbe halikuwahi kuwa Alec Holland, yule mwanasayansi tuliyeamini aligeuka jitu hilo, ni mimea iliyojidhania kuwa yeye. Nilifunga kitabu nikakaa kimya, kisha nikazirudia kurasa zilezile.

Michoro ya Bissette na Totleben nayo inatambaa kama mizizi, macho hayajui yaanzie wapi. Ila aliyeniahidi ngumi nyingi alinidanganya, hii ni hadithi ya kutisha zaidi kuliko ya mapigano. Sasa nipo la 25. Yale ya mwanzo siyagusi tena.