Pikapu ya zamani na ya sasa: ipi imeundwa imara zaidi kwa chumvi ya visiwani?

Karafuu_Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Natafuta pikapu ya kazi hapa Pemba na mbele yangu zipo mbili. Moja ni Hilux dabo kabini ya 1994 yenye injini ya 3L. Ya pili ni Hilux Vigo ya 2012 yenye injini ya 2KD, imetokea Uingereza. Kazi yake ni magunia ya karafuu msimu ukiingia, saruji na mchanga miezi mingine, na mara kwa mara kuteremka pwani kupakia dagaa.

Kila ninayemuuliza anagonga boneti ya ile ya zamani na kuniambia hili ndilo bati, kisha anaubonyeza mlango wa Vigo kwa kidole gumba na bati linabonyea. Unene huo una maana gani khasa? Na kabla sijatoa pesa, niangalie nini kwenye kila moja?

bodi_na_rangi_Kwerekwe

Waalaykum salaam ndugu yangu. Unene ni kweli upo. Bati la nje la gari za zamani lilikuwa kama milimita 0.8 hadi 1.0, la sasa liko 0.65 hadi 0.75. Lakini bati la nje halibebi mzigo wala halikukingi ukigongwa. Kazi hiyo inafanywa na chasisi, nguzo za kabini na mbavu zilizomo ndani ya milango, na huko ndani chuma cha sasa ni kigumu kuliko cha zamani.

Mwaka 2009 taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso kwa upande wa dereva, kila moja ikienda kama kilomita 64 kwa saa. Bel Air ndiyo yenye bati nene. Kabini yake ilikunjika ikamfikia dereva wa sanamu, usukani ukasukumwa ndani. Mtu halisi asingepona. Malibu ilikunjika pua, kabini ikabaki, na vipimo vikaonyesha jeraha dogo la mguu. Pua inayokunjika imeundwa makusudi imeze nguvu ya kishindo. Kwa hiyo anayekubonyezea mlango kwa kidole hajapima kitu.

Jengine ni kinga ya kutu. Zamani kabisa bodi ilipigwa praima na rangi tu, ndani ya vizingiti (boksi za chini ya milango) na nguzo dawa ikafika kwa bahati. Gari za sasa bodi nzima huzamishwa kwenye pipa la praima na kupitishwa umeme, rangi ikang'ang'ania mpaka ndani ya mashimo, na sehemu nyingi za bati huwa zimeshapakwa zinki. Zinki huliwa kwanza kabla ya chuma, ndiyo maana mkwaruzo mdogo kwenye mlango wa gari ya sasa hauenei upesi.

Na hizo za zamani unazoziona barabarani leo ni zile zilizobaki. Wenzao waliooza sakafu na vizingiti walishakatwa chuma chakavu, hakuna anayewahesabu.

Sasa tahadhari, na hii ni kubwa kwako: hayo yote ni ya bodi, na pikapu inabebwa na chasisi. Hapo usasa peke yake haukupi dhamana. Mwaka 2016 Toyota ilikubali huko Marekani kulipia ukaguzi na ubadilishaji wa chasisi za pikapu za Tacoma za 2005 hadi 2010 na gari nyengine mbili, kwa madai kwamba chasisi zilioza kwa kukosa kinga ya kutosha. Gari za sasa kabisa zile. Na Vigo yako imetoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Imekula chumvi miaka kadhaa kabla haijaiona bahari ya Pemba.

Fanya hivi. Mwambie muuzaji akupe namba ya usajili ya Uingereza, iko kwenye karatasi za kule. Serikali ya Uingereza ina ukurasa wa bure wa historia ya ukaguzi wa kila mwaka. Ingiza namba hiyo utasoma mkaguzi aliandika nini kila mwaka, na wao huandika wazi kama chasisi au paipu za breki zina kutu. Utaona na maili za kila mwaka, ulinganishe na geji.

Kisha ingia chini na nyundo ndogo. Gonga chasisi yote taratibu, zaidi juu ya ekseli ya nyuma, pale springi zinaposhikwa, na nyuma ya tairi za mbele. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na magamba huanguka. Ukikuta lami mpya nyeusi imepakwa chini yote, ikwangue kwa bisibisi sehemu tatu nne. Lami juu ya kutu ni kuficha tu.

Kwenye ile ya 1994 nyanyua kapeti sehemu ya miguu, na pitisha sumaku kwenye vizingiti na kona za nyuma za kabini. Sumaku isiposhika, chini yake pana puti. Mwenye kipimo cha rangi akusaidie: rangi ya kiwandani huwa kama maikroni 100 hadi 150, ikipita 300 pamerudiwa.

landi_ya_shamba

Mimi naongeza ya tatu. Kama tatizo ni chumvi, Land Rover za zamani zina bodi ya aluminiamu, haishiki kutu. Mbona hakuna anayezitaja?

bodi_na_rangi_Kwerekwe

Kaka, bodi ndiyo, lakini ilikalia chasisi ya chuma na ukuta wa mbele wa chuma. Land Rover ilipotoka 1948 walitumia aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Aluminiamu ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, inaliwa yenyewe: utaona unga mweupe na vipele chini ya rangi, kwenye kingo za milango na kila penye boliti. Chasisi yake ni boksi lililofungwa, maji na mchanga vikiingia havitoki, inaoza kutoka ndani. Ukiipata iliyobadilishwa chasisi ikawekwa iliyochovywa zinki, hiyo nitaisifia. Nyengine zote anza na ile nyundo.

dizeli_Chake

Nichukue upande wa injini, maana ndiyo itakayokulaza njiani.

3L ni sisi (sentimita za ujazo) 2,779, haina kompyuta. Pampu inazungushwa na taimingi belti na kusukuma dizeli, nozeli zinafunguka kwa presha isiyofika baa 200. Waya mmoja wenye volti 12 ukifika kwenye solenoidi ya pampu, injini inawaka na kwenda. Ikila dizeli chafu itatoa moshi, itapoteza nguvu, lakini itakufikisha. Nozeli hufunguliwa, hupimwa, hubadilishwa ncha, na kazi hiyo inafanyika hapa hapa.

2KD ni sisi 2,494, ina turbo, ina nguvu zaidi na inakula mafuta kidogo kwa mzigo ule ule. Kwa uundaji wenyewe ni injini bora: nafasi za vyuma ni finyu zaidi, haina moshi mwingi, haina kelele. Lakini presha ya reli, ile paipu inayogawa dizeli kwa nozeli, inafika baa 1,600. Kwa presha hiyo tone la maji au mchanga laini linachimba nozeli, na nozeli ya namna hii hapa hairekebishwi kwa kubahatisha. Inapimwa kwenye benchi maalumu au inanunuliwa nyengine. Zipo nne.

Kwa hiyo dizeli ya kwenye madumu na Vigo havipatani. Filta badilisha kila kilomita 10,000, halisi. Kila wiki fungua kikoki cha chini ya filta umwage maji mpaka itoke dizeli safi. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi simama, usiseme nitafika kwanza.

Kuna ugonjwa mwengine wa hizi injini za KD ambao wengi hawaujui mpaka injini imekufa. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba. Ikichoka, moshi wa silinda unapenya juu, unaingia kwenye oili na kufanya masizi mazito. Masizi yanateremka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la pampu ya oili. Presha ya oili inashuka, metali (beringi za krenki) zinasagika. Dalili ya mapema ni mlio wa puf puf juu ya injini asubuhi ikiwa baridi, na lami nyeusi ngumu kwenye vishimo vya nozeli. Kabla ya kununua, vua kifuniko cha oili utazame kwa tochi. Ukiona tope jeusi kama grisi, dai sampu iteremshwe na chujio lionekane. Ukishanunua, washa zote nne zibadilishwe kwa pamoja. Ni kitu cha bei ndogo.

Zote mbili zina taimingi belti. 3L ni kila kilomita 100,000, 2KD 150,000. Ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Kama hakuna karatasi inayoonyesha lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa. Taa ya T-BELT ya Vigo isikudanganye, inawekwa upya kwa mkono.

Udhaifu wa 3L ni hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Ikichemka hupasuka kati ya valvu. Washa injini baridi, fungua kifuniko cha rejeta: povu linalopanda bila kukoma ni gesi ya silinda. Pima na kompresheni. Kila silinda isishuke chini ya kilo 20 kwa sentimita mraba, na tofauti baina yao isizidi 5. Nyengine ni maji. Maji ya visima vyetu yana chokaa ya mawe ya matumbawe, yanajaza utando ndani ya rejeta na hedi. Weka kulanti na maji yaliyochujwa kwa mvuke, nusu kwa nusu, hata kwenye gari ya 1994.

umeme_wa_gari_Malindi

Wenzangu wamemaliza mengi, nitatia la waya.

Gari za sasa zinazoletwa kwa kuwa "kompyuta imekufa" mara nyingi kompyuta ni nzima, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini) ndiyo imeoza. Sensa za 2KD zinafanya kazi kwa volti 5, kwa hiyo upungufu wa nusu volti kwa kutu ni habari nyengine kabisa kwa kompyuta. Taa ya zamani ingefifia kidogo tu, ukaendelea na safari.

Chukua maltimita. Washa injini, washa taa kubwa na feni. Pima baina ya hasi ya betri na bloku ya injini, kisha hasi ya betri na bodi. Ikizidi volti 0.2, fungua waya wa ethi, safisha chuma mpaka king'are, funga, pakaza grisi juu yake. Soketi za sensa zikiwa na ukijani wa shaba, tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia soketi, usipitishe msasa. Msasa unatoa kile kipako chembamba cha kwenye pini na kutu inarudi maradufu. Malizia kwa grisi ya silikoni.

Na usinunue Vigo bila ya kusoma kompyuta yake kwa mashine injini ikiwa moto. Tazama presha ya reli inayotakiwa na iliyopo, ziende pamoja.

Karafuu_Wete

Ahsanteni sana, nimefaidika. Swali moja la mwisho: hapa watu wanapaka oili chafu chini ya gari kila mwaka. Inafaa? Na mngekuwa nyinyi mngechukua ipi?

dizeli_Chake

Vigo ikipita kwenye nyundo na kwenye mashine, chukua Vigo kwa mzigo na kwa usalama wa watu wako, ila tenga kabisa fungu la washa, filta na belti. Chasisi ikiwa na tundu hata moja, chukua 3L. Injini nitakufungulia, chasisi iliyooza sina la kukufanyia.

bodi_na_rangi_Kwerekwe

Oili chafu usipake. Inalainisha mpira wa bushi na mipira ya breki, inashika mchanga, na mvua mbili tu imeondoka.

Osha chini kwa maji matamu, si ya kisima cha pwani, uanike siku mbili za jua. Kwangua magamba kwa brashi ya waya. Palipobaki kutu nyembamba paka dawa ya asidi ya fosfori, suuza, kausha vizuri, kisha epoksi praima mikono miwili na rangi juu. Ndani ya boksi za chasisi pulizia nta ya kinga kwa mpira mrefu kupitia matundu yake. Kwa pikapu tenga lita 3 hadi 4. Zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango. Rudia nta kila mwaka kabla ya masika, na ukitoka kupakia dagaa osha chini siku ile ile.

Paipu za breki za chuma ukizikuta na magamba usizipake kitu, zibadilishe kwa za shaba yenye nikeli, kipimo milimita 4.75. Ukiwa huko nyuma tafuta mkono mwembamba unaotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu ya breki inayopima mzigo. Ukiganda kwa kutu, breki za nyuma hazitajua kama umepakia au mtupu. Usukume kwa mkono; lazima ucheze.