Marekani 1920: ni wanawake wote waliopata kura?

Chemchemi_ya_Elimu:
Wakuu, salaam. Naandaa somo la kidato cha tano kuhusu haki za wanawake Marekani. Vitabu vinasema wanawake walipata kura mwaka 1920, basi. Lakini Jeannette Rankin wa Montana alichaguliwa kuingia Bungeni mwaka 1916, na wanawake weusi wa Kusini walikuwa bado wanazuiwa kupiga kura miaka ya 1960. Inakuwaje yote matatu yawe kweli? Na Tennessee inatajwa sana, imeingiaje humu?

Mpekuzi wa Nyaraka:
Mwalimu, yote matatu ni kweli. Soma Marekebisho ya 19 ya Katiba, yale ya mwaka 1920, yenyewe: haki ya raia kupiga kura haitanyimwa wala kupunguzwa kwa sababu ya jinsia. Ni hayo tu. Kizuizi kimoja kimeondolewa, lakini anayeandikisha wapiga kura ni jimbo, na jimbo lilibaki na masharti yake mengine: makazi, kodi, mtihani wa kusoma na kuandika. Kila mwanafunzi anapotaja "kura ya wanawake", muulize ni jimbo gani na sharti gani.

Hapo ndipo Rankin anapoeleweka. Kabla ya marekebisho hayo majimbo 15 yalishawapa wanawake kura kamili. Wyoming ilianza mwaka 1869 ikiwa bado haijawa jimbo, Colorado ikafuata 1893 kwa kura ya wananchi, Montana 1914. Kuhusu kugombea, Katiba inamtaka mjumbe wa Baraza la Wawakilishi awe na miaka 25, uraia wa miaka 7 na awe mkazi wa jimbo lake. Jinsia haikutajwa. Kwa hiyo Rankin aliapishwa 1917, wakati wanawake wa majimbo mengi hawakuwa na kura ya kumchagua hata rais.

Sasa Kusini. Hapa ndipo vitabu vinaponiudhi, maana vinaruka miaka 45 kana kwamba hakuna kilichotokea. Uchaguzi wa Novemba 1920 wenyewe, Georgia na Mississippi ziliwazuia wanawake kwa hoja kwamba muda wa kujiandikisha ulishapita. Kisha kuna kodi ya kupigia kura. Alabama ilitoza dola 1.50 kwa mwaka, na deni lilirundikana mpaka dola 36. Familia maskini yenye pesa ya mtu mmoja ilimlipia mume, mke akabaki nje ya daftari, awe mweusi au mweupe. Mwaka 1937 Mahakama ya Juu ilikubali kodi ya aina hiyo ya Georgia, ikasema haivunji Marekebisho ya 19.

Kwa mtu mweusi mtihani uliongezwa juu ya kodi. Mchukue Fannie Lou Hamer wa Mississippi. Tarehe 31 Agosti 1962 alikwenda Indianola kujiandikisha. Karani akamfungulia kifungu cha katiba ya jimbo kinachohusu sheria zinazoadhibu tendo lililofanyika kabla ya sheria kutungwa, akamtaka akieleze. Jambo la wanasheria hilo, na aliyeulizwa ni mchuma pamba. Akafeli. Siku hiyohiyo alifukuzwa kwenye shamba alilofanya kazi miaka 18. Januari 1963 akafaulu, lakini alipokwenda kupiga kura akaambiwa alete risiti mbili za kodi. Hakuwa nazo. Marekebisho ya 24 yalifuta kodi hiyo kwa uchaguzi wa ngazi ya taifa mwaka 1964, na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya Agosti 1965 ikasimamisha mitihani katika maeneo hayo na kuruhusu serikali kuu kupeleka waandikishaji wake.

Binti Hesabu:
Nijibu la Tennessee. Marekebisho ya Katiba yanahitaji theluthi mbili ya kila baraza la Bunge, halafu robo tatu ya majimbo yaridhie. Majimbo yalikuwa 48, kwa hiyo 36. Majimbo 13 tu yakigoma, kazi imekwama. Seneti ilipitisha tarehe 4 Juni 1919 kwa kura 56 dhidi ya 25. Washington ikawa jimbo la 35 Machi 1920, Delaware ikakataa, na magavana wa Connecticut na Vermont hawakutaka hata kuitisha kikao.

Ikabaki Tennessee. Seneti ya jimbo iliridhia bila taabu, ila kwenye baraza la chini hoja ya kuweka suala kando ilipata kura 48 kwa 48, ikashindwa. Harry Burn, mjumbe wa baraza hilo mwenye miaka 24, alivaa waridi jekundu la wapinzani. Mfukoni alikuwa na barua ya mama yake ikimtaka aunge mkono. Kura ya kuridhia ilipoitishwa akasema ndiyo, hoja ikapita. Hiyo ni 18 Agosti 1920. Tarehe 26 ikathibitishwa rasmi, ndiyo maana utakuta tarehe mbili vitabuni, na zote ni sahihi.

Chemchemi_ya_Elimu:
Asanteni sana wakuu. Je, kuna sharti jingine ambalo wanafunzi hawalitegemei?

Mpekuzi wa Nyaraka:
Uraia. Sheria ya 1907 ilimvua uraia mwanamke wa Marekani aliyeolewa na mgeni. Ethel Mackenzie alizaliwa California, akaolewa na Mwingereza mwaka 1909. California ilipowapa wanawake kura mwaka 1911 akaenda kujiandikisha San Francisco, akakataliwa: si raia tena. Akashindwa kesi Mahakama ya Juu mwaka 1915. Sheria ya 1922 ililegeza jambo hilo, isipokuwa kwa aliyeolewa na mwanaume asiyeruhusiwa kupata uraia, yaani hasa wa kutoka Asia. Huyo alisubiri mpaka 1931. Mwanamke wa Kimarekani mwenye asili ya Kichina, mzaliwa wa San Francisco, akiolewa na mhamiaji kutoka China mwaka 1925, alipoteza uraia na kura pamoja, miaka mitano baada ya Marekebisho ya 19.