Uchungu wiki ya 27, zahanati ya mlimani: tufanye nini kabla gari halijafika?

Mkunga_wa_Juu
Wataalamu, salamu. Zahanati iko huku juu Kibosho, mvua ikinyesha kushuka mpaka hospitali za Moshi, Mawenzi au KCMC, kunachukua muda. Mama akija na uchungu wiki ya 27 ya mimba, je, aanzishiwe deksamethasoni (sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto) hapahapa au asubiri afike? Na mtoto akitoka kabla ya gari, gramu 900 hivi, tuwahi nini kwanza? Halafu ndugu wakiuliza "ataishi?", jibu la kweli ni lipi?

Zamu_ya_Usiku
Mkunga, kama mlango wa uzazi haujafunguka sana, mteremshe mtoto akiwa bado tumboni. Hakuna gari la wagonjwa linalomtunza njiti kama mji wa mimba.

Deksamethasoni ni miligramu 6, sindano ya msuli, kila baada ya saa 12, jumla mara 4. Ila wiki ziwe za uhakika, si za kukisia kwa kupapasa tumbo. Mama asiwe na homa wala maji yenye harufu. Na anakokwenda kuwe na wodi ya njiti. Masharti haya yana sababu. Utafiti mkubwa wa 2015 uliosambaza sindano hizi mpaka ngazi za chini ulikuta vifo vya wachanga vimeongezeka. Ule wa 2020, uliofanyika hospitalini katika nchi 5, Kenya ikiwemo, ulikuta vimepungua. Dawa ni ileile, tofauti ni uhakika wa wiki na huduma inayomsubiri mtoto. Kwa hiyo pigia simu wodi ya uzazi kwanza. Wakikubali, choma dozi ya kwanza na uandike SAA kwenye karatasi ya rufaa. Saa isipoandikwa, huko chini wanabaki kubahatisha dozi ya pili ni lini.

Waulize pia kuhusu magnesiamu, hiyohiyo ya kifafa cha mimba. Gramu 4 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 20, hulinda ubongo wa njiti anayekaribia kuzaliwa.

Dang'a_Kwanza
Akishatoka, anayekimbizana nawe ni baridi na pumzi. Huko Kibosho mwezi wa saba chumba chenyewe ni adui, kwa hiyo funga madirisha kabla mama hajasukuma.

Usimfute mwili. Mtumbukize akiwa bado mbichi kwenye mfuko safi wa plastiki angavu mpaka shingoni, kichwa kikaushwe na kivishwe kofia. Asipopumua, ambu (mfuko wa kusukuma hewa) na barakoa ndogo, namba 0, ukibonyeza kwa vidole viwili tu. Mapafu yake yanapasuka kirahisi. Chupa za maji ya moto usiziweke kabisa, ngozi ya wiki 27 inaungua kwa joto ambalo mkono wako hausikii.

Mkunga_wa_Juu
Plastiki na kangaroo (kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi) kwa pamoja? Na maziwa je?

Dang'a_Kwanza
Plastiki ni ya dakika za mwanzo ukihangaika na pumzi. Akipumua mwenyewe, mtoe, mkaushe, abaki na nepi, kofia na soksi, umweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafungwe kanga, ndipo wapande gari. Kipimajoto kwapani kisome 36.5 hadi 37.5.

Maziwa piga hesabu. Mililita 20 kwa kilo kwa siku, mtoto wa gramu 900 ni mililita 18. Gawa mara 12: moja na nusu kila saa 2, kwa mrija. Matone hayo ya dang'a, maziwa ya kwanza, mama anayapata kwa kukamua kwa mkono, unayavuta moja kwa moja kwenye chuchu kwa bomba la sindano. Bibi akisema "hana maziwa, mpeni ya ng'ombe," mkatalie kwa upole lakini mkatalie. Hayo ndiyo huongeza hatari ya utumbo kuoza. Tumbo likivimba, akitapika kijani au choo kikiwa na damu, kulisha kusimame na daktari aitwe.

Jicho_na_Kliniki
Kuhusu "ataishi?": Shirika la Afya Duniani linasema chini ya wiki 28, katika nchi maskini zaidi ya 9 kati ya 10 hufariki siku za mwanzo, na katika nchi tajiri hufariki chini ya 1 kati ya 10. Waambie ndugu ni hatari kweli, na kwamba kinachotenganisha nchi hizo ni huduma.

Kinachosahaulika ni macho. Oksijeni iwekwe ili kipimo cha oksijeni ya damu kisome asilimia 90 hadi 95. Ikikaa 100 siku nyingi, mishipa ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) huota ovyo. Wa wiki 27 apimwe macho wiki ya 4 baada ya kuzaliwa, hata kama ameshanenepa na yuko nyumbani. Tarehe iandikwe kwenye kadi ya kliniki kabla ya ruhusa. Mboni ikionekana nyeupe, mmeshachelewa.

Na kwenye kliniki, hatua za ukuaji toa miezi 3 aliyowahi kuzaliwa: wa miezi 9 mpime kama wa 6, mpaka afike miaka 2. Chanjo ya wiki 6 ndiyo usisogeze, inahesabiwa tangu siku aliyozaliwa.