Rasimu ya kanuni ya komini: je, maneno "kuvuta sigara" yanafunika na vepu?

kalamu_ya_katuba

Yambo wakubwa. Naomba macho ya wanaojua kanuni. Kuna rasimu inayoandaliwa kwa komini (sehemu ya mji yenye uongozi wake) moja ya hapa Lubumbashi, juu ya kuvuta mahali pa watu wengi. Kifungu cha kwanza kinasema: "Ni marufuku kuvuta sigara au bidhaa yoyote ya tumbaku inayotoa moshi ndani ya ofisi, shule, hospitali, duka, restora, baa na bisi."

Mjumbe mmoja anasema hayo yanatosha, vepu imo. Mwingine anasema haimo hata kidogo. Tena kuna terase: nyingi zina paa la mabati na bashe zinazoshushwa mvua ikinyesha. Hapo ni ndani au nje? La mwisho: faini imwangukie nani, na komini inaweza kuwatoza wauzaji wa vepu taksi (kodi) yao? Mwenye kujua asinijibu kwa neno moja tafadhali, nahitaji sababu za kubeba kikaoni.

wakili_kamalondo

Ndugu kalamu, mjumbe wa pili ana haki. Rasimu yako ina maneno mawili yanayoitoboa: "tumbaku" na "moshi". Ndani ya vepu hakuna jani la tumbaku na hakuna kinachoungua. Kuna maji mazito ya propileni glikoli na gliserini, ladha, na mara nyingi nikotini. Betri inapasha waya mdogo, yale maji yanageuka mvuke wa matone madogo sana. Mtu akiandikiwa PV (karatasi ya polisi ya kosa), wakili wake atasema: tumbaku iko wapi, moshi uko wapi? Na kifungu chenye adhabu kinasomwa kama kilivyoandikwa, hakivutwi kama mpira.

Yalitokea New York. Mwaka 2016 mahakama ya mji ule ilifuta shitaka la mtu aliyeonekana na vepu kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi, kwa sababu sheria ya jimbo ilieleza kuvuta kuwa ni kuunguza kitu chenye tumbaku. Cha kuchekesha, baraza la mji lilikwisha kuziba shimo hilo: Desemba 2013 liliingiza sigara za umeme kwenye kanuni yake, ikaanza kazi 29 Aprili 2014, siku ileile na kanuni ya Chicago. Lakini karatasi ya polisi ilitaja sheria ya jimbo, si kanuni ya mji. Jimbo lenyewe lilirekebisha sheria yake baadaye, na marekebisho yakaanza Novemba 2017. Kwa hiyo chukua mafunzo mawili: andika neno lenyewe la kifaa, na hakikisha kila PV inataja namba ya kifungu chenu.

Fafanua kwa kifaa, si kwa kilichomo. Mfano: "Kuvuta ni kuvuta au kushika ikiwa imewashwa sigara, kiko au shisha, na pia kutumia kifaa chochote kinachopasha joto maji au kitu kingine ili mtu avute mvuke wake mdomoni, chenye nikotini au kisicho nayo." Yale maneno ya mwisho usikubali yakatwe. OPJ (afisa wa polisi anayeandika makosa) akiwa barabarani hana namna ya kupima nikotini. Ukiyaondoa, kila mvutaji atasema yake ni ladha ya embe tu. Ufafanuzi huo unashika pia zile fimbo za tumbaku zinazopashwa bila kuunguzwa.

Onyo kwa wanaopenda kunakili Ufaransa, maana najua kuna mtu kwenye kamati anafanya hivyo. Dikrii (amri ya serikali) yao ya 2017 juu ya vepu inagusa shule, usafiri wa pamoja uliofungwa, na sehemu za kazi za pamoja zilizofungwa. Baa na restora hazimo, mwenye nyumba ndiye anayeamua. Mkiinakili neno kwa neno, terase zenu zote zimepona. Ila kitu kimoja kule ni kizuri: mvutaji faini yake ya juu ni euro 150, na msimamizi wa mahali asiyeweka tangazo ni euro 450. Uzito uko kwa mwenye mahali, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu mvutaji anaondoka baada ya dakika kumi na mwenye baa bado yupo kesho.

Sasa mamlaka. Msiandike kana kwamba komini ni jamhuri. Kwenye utangulizi tajeni sheria namba 18/035 ya 13 Desemba 2018 juu ya afya ya umma, yenye vifungu vya tumbaku, kisha mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku ambao Kongo iliuridhia 2005, kisha sheria ya ETD (miji, komini na maeneo mengine yanayojiendesha), namba 08/016 ya 7 Oktoba 2008. Kanuni ya polisi yenye adhabu ya kifungo lazima ipite kwanza kwa gavana kabla ya kuanza. Ondoeni kifungo kabisa. Kwa mvuke wa embe hakuna haja ya gereza la Kasapa, na faili lenu halitakaa miezi mezani kwa mtu.

Taksi: hapana. Orodha ya taksi za jimbo na ETD imefungwa na amri-sheria namba 18/004 ya 13 Machi 2018. Komini haibuni taksi mpya kwa kuipa jina la afya. Mkifanya hivyo, kanuni nzima itaonekana njia ya kukamua watu, na hapo mmepoteza hata kile kizuri kilichomo.

mjenzi_kampemba

Juu ya terase, yaya. Kuna vipimo viwili duniani na mkichanganya mtapata fujo.

Cha kwanza ni cha miongozo ya kifungu cha 8 cha mkataba huo wa tumbaku: mahali pamefungwa ikiwa pana paa, au pana ukuta mmoja au zaidi, bila kujali vifaa vya ujenzi na hata kama ni pa muda. Kwa kipimo hicho mabati ni paa, nyasi za payote ni paa, bashe ni paa. Mtoto anaweza kukitumia, hakihitaji mita.

Cha pili ni cha Uingereza kwa upande wa England, wanachokitumia kwa sigara za moshi: pakiwa na paa, mahali panahesabiwa pamefungwa sana kama nafasi zilizo wazi hazifiki nusu ya eneo la kuta. Hesabu ni hii. Terase ya mita 8 kwa 6, kimo mita 2.5. Mzunguko ni mita 28, mara 2.5, eneo la kuta lote ni mita za mraba 70. Nusu ni 35. Ukuta wa matofali upande mmoja wa mita 8 na mmoja wa mita 6 unakula 35 kamili, pande mbili nyingine ziko wazi: imepona kwa unywele. Ongeza ubao wa mita moja tu, imefungwa.

Mtego wenyewe ni huu: kwa kipimo hicho cha pili, kitu kinachoweza kufunguliwa na kufungwa hakihesabiwi kuwa nafasi wazi. Mlango, dirisha, na bashe ya kukunja pia. Bashe ikiwa imekunjwa juu, jua linawaka, upepo unapita, bado upande ule unahesabiwa ukuta. Mwenye terase hatakubali kusikia hivyo, na mkaguzi asiyejua atamwachia kiangazi na kumwandikia faini Januari mvua ikipiga. Watu watasema ni upendeleo.

Ushauri wangu: chukueni kipimo cha kwanza, cha paa. Mita ya kupimia iacheni kwa fundi. Halafu wekeni umbali kutoka mlangoni, la sivyo wavutaji watajikusanya kizingitini na mvuke unarudi ndani kila mlango ukifunguliwa. Jimbo la Illinois, ambako Chicago iko, wanataka futi 15, kama mita 4 na nusu. Andikeni mita 5, mchore mstari wa rangi chini. Kwenye barabara za komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ambako baa zimebanana ukuta kwa ukuta, mita 5 kutoka mlango wako ni mlango wa jirani, kwa hiyo semeni "mlango wowote wa mahali pa umma", si "mlango wake".

duka_la_betri

Nauza vifaa hivi, basi nitasema upande wangu. Kwenye utangulizi msiandike kwamba vepu ni sawa na sigara. Si kweli, na mtu mmoja mwenye kusoma atawaangusha mbele ya baraza zima. Andikeni kilicho imara: ripoti ya 2018 ya akademia za kitaifa za sayansi za Marekani ilithibitisha kwamba kutumia vepu ndani ya nyumba kunaongeza chembechembe na nikotini hewani kuliko pasipokuwa nayo. Sababu hiyo inatosha kuizuia ndani. Wengine wameshika vepu ili waache sigara. Waachieni kona ya nje mbali na wavuta sigara, msiwarudishe kwenye moshi.

Na duka la vepu lenyewe? New York na Chicago waliliacha nje ya marufuku, mteja anajaribu kifaa palepale. Mkitaka kuacha, andikeni "duka lisilouza chakula wala kinywaji", vinginevyo kila baa itatundika vepu tatu ukutani na kujiita duka.

Sasa ushahidi, hapa ndipo PV nyingi zitakufa. Sigara inaacha kipande, majivu, harufu kwenye pazia. Vepu haiachi kipande wala majivu. Yale matone yanapotea hewani ndani ya sekunde chache. Anayeandika lazima awe ameona kwa macho: kifaa mdomoni, mvuke ukitoka, saa, na kama kuna paa juu. "Alikutwa na vepu mfukoni" si kosa, msidanganyane. Wala msitegemee kengele ya moto. Ile inayotumia mwanga inaweza kulia kwa mvuke mzito, kwa kuwa matone yanatawanya mwanga kama moshi, ila inalia pia kwa mvuke wa sufuria ya bukari.

Kunyang'anya vifaa, ondoeni kabisa. Kila vepu ina betri ya litiamu. Mkizirundika kwenye droo ya ofisi pamoja na funguo na sarafu, betri ya kutolewa kama ile ya duara iitwayo 18650 ikiguswa ncha zote mbili na chuma inapata moto mkali, na ofisi za komini zimejaa karatasi. Maji yake nayo ni sumu. Kwa viwango vya Ulaya tangi ni mililita 2 zenye nikotini miligramu 20 kwa mililita, yaani miligramu 40. Vile vikubwa vya kutupa vinavyopita mpakani vinaweza kubeba zaidi ya hapo. Yakivuja mkononi yanapita kwenye ngozi. Mwenye baa aweke kopo la chuma lenye mchanga kwa zile zilizokufa, zisiende kwenye shimo la takataka linalochomwa jioni. Betri ndani ya moto inalipuka.

Halafu nimesikia mtu anataka kuingiza uwanja wa ndege wa Luano. Mwacheni, pale pana wenyewe. Abiria ajue tu kwamba tangu 2015 ICAO, shirika la dunia la usafiri wa anga, inataka vepu zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kwenye mizigo ya chini, na zisichajiwe ndani ya ndege.

mama_terase

Tangazo limesahauliwa. Ile alama ya duara jekundu inaonyesha sigara inayotoa moshi tu, na mwenye vepu atakuonyesha kidole: mama, picha si ya yangu. Wekeni picha mbili, sigara na vepu, na ya tatu ya shisha kama mnaikataza. Maneno kwa Kifaransa na Kiswahili, herufi za kusomeka kutoka upande wa pili wa chumba, mlangoni na chooni. Chooni ndiko wanakojificha.

Visahani vya majivu vitoke mezani siku hiyohiyo. Kisahani mezani ni mwaliko, mahakamani pia kitasemwa hivyo. Na msimtake mhudumu apigane na mteja. Mpe hatua tatu: anaomba, anaacha kumhudumia, anaita msimamizi ambaye ndiye anapiga simu polisi. Mwenye baa aliyefanya hizo tatu asipigwe faini, hata kama mteja aliendelea.

kalamu_ya_katuba

Aksanti sana, wakubwa. Nimeandika upya: "Kifungu cha 3. Ni marufuku kuvuta, kama kulivyoelezwa kifungu cha 2, mahali popote pa umma penye paa la aina yoyote, na ndani ya mita 5 kutoka mlango wa mahali pa umma. Kifungu cha 4. Msimamizi ataweka tangazo, ataondoa visahani vya majivu, na ataomba mvutaji aache au atoke. Kifungu cha 5. Faini inalipwa palepale kwa polisi." Kuanza: siku ya kutiwa sahihi.

wakili_kamalondo

Cha 3 na cha 4 vizuri. Kwenye cha 4 ongeza maneno ya mama: aliyefanya hatua tatu hana kosa.

Cha 5 futa. "Palepale kwa polisi" ni kufungua soko la rushwa pembeni ya barabara. Andika: faini inalipwa kwenye kaunta ya komini, kwa faranga za Kongo, kwa risiti yenye namba, na PV ibaki na nakala mbili, moja kwa aliyeandikiwa. Ya msimamizi iwe kubwa kuliko ya mvutaji.

Kuanza siku ya sahihi ni haraka mno, matangazo hayajachapwa. New York walisubiri miezi minne. Weka siku 90 tangu kubandikwa kwenye ubao wa komini, na bugumestri (mkuu wa komini) apeleke nakala kwa kila mkuu wa mtaa ili asiwepo wa kusema hakuona.

Halafu kifungu cha 3, ile mita 5 iguse pia bisi zikiwa kituoni. Bisi ina paa, lakini mlango wake uko wazi muda wote ikisubiri abiria, na konda ndiye wa kwanza kusimama hapo na vepu.