Natoka bondeni, nimehamia Chanika: nifunge sola au nisubiri nguzo?

Mama Barafu
Wakuu habari za usiku. Naombeni ushauri, usingizi sipati.

Nilikuwa naishi Kigogo, kule chini karibu na Mto Msimbazi. Nyumba zetu zilithaminiwa, tukalipwa fidia kupisha mradi wa kuzuia mafuriko. Nimenunua kiwanja Chanika, nimesimamisha vyumba viwili, mama yangu mzazi yuko na mimi. Umeme haujafika. Nguzo ya mwisho iko mbali, tulipima kwa hatua tukaona zitatakiwa kama nane.

Kazi yangu ni barafu na juisi, friza ndiyo shamba langu. Nimepewa bei ya milioni tano na laki sita: paneli nne za wati 400, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na betri ya lithiamu. Nifunge au nisubiri nguzo? Naogopa mawingu ya masika.

Kisiki cha Mpingo
Dada subiri nguzo. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Umeme upo, kilichobaki ni nyaya tu.

Bi Mdogo wa Tandika
Upo kwenye mashine, kwake haupo. Na maji ya bwawa yanatoka mbinguni vilevile. Mmesahau mgao wa 2023? Nilikuwa na samaki wa shilingi laki tatu kwenye friza. Siku ya pili nikafungua mfuniko, jicho la changu limeshakuwa jeupe kama maziwa. Nilikaa chini nikalia, mume wangu akadhani kuna msiba. Mimi sasa nauza vitumbua, vitumbua havingoji umeme.

Fundi Waya
Tuzungumze hesabu. Paneli nne za 400 ni wati 1,600. Jua letu la pwani chukulia saa tano nzuri kwa siku, unapata kama uniti nane, toa upotevu, baki na sita. Friza la kawaida la kugandisha kila siku linakula uniti moja na nusu hivi. Kwa hiyo unatosheka, hata masika ikikunyang'anya nusu. Angalia mambo mawili: kompresa ikianza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa nyuma ya friza, inveta ndogo itazima. Na betri wasikubadilishie wakakupa ya asidi, ile ukiishusha chini ya nusu kila usiku haimalizi miaka miwili.

Swali: umeshalipa chochote?

Mama Barafu
Asante sana Fundi. Nimetanguliza milioni mbili. Mzigo unakuja Jumamosi.

Kisiki cha Mpingo
Sasa unaomba ushauri wa nini na umeshalipa?

Mama Barafu
Kuna mahali moyo wangu umekwama, kaka.

Mzee wa Magomeni
Binti yangu, hiyo nyumba ya Kigogo ilikuwa ya nani?

Mama Barafu
Shikamoo mzee. Ilikuwa ya marehemu baba.

Mzee wa Magomeni
Marahaba. Mko wangapi?

Mama Barafu
Wanne. Mimi mkubwa, ndiye msimamizi wa mirathi, fidia iliingia kwenye akaunti niliyofungua kwa ajili hiyo. Wadogo zangu watatu bado sijawagawia.

Lakini nisikilizeni kwanza. Mama ninaye mimi. Maji yakiingia, nani aliyekuwa anapandisha magodoro juu ya kabati saa nane za usiku? Mmoja yuko Mwanza, mmoja Tabata ghorofani, wa mwisho hapokei simu. Sola siyo anasa, ndiyo itakayomlisha mama. Nikishaanza kuuza nitawalipa kidogo kidogo.

Mzee wa Magomeni
Ulichofanya ni kukopa bila mwenye mali kujua. Msimamizi ni mtunzaji. Mali ya marehemu inachoma mikono, mama. Waite, waeleze, waandike.

Mama Wawili
Na mimi nilidhulumiwa na kaka yangu hivyohivyo, "nitawalipa kidogo kidogo". Mwaka wa kumi na moja huu.

Bi Mdogo wa Tandika
Jamani na mkaa je? Dada huko Chanika usikate miti. Serikali ina mkakati wa 2024 hadi 2034, asilimia 80 ya Watanzania tupikie nishati safi. Mimi mtungi wa kilo sita unanitosha.

Kinyozi Msomi
Hii ni chai, tena ya tangawizi. Bonde, mafuriko, mama mzee, mirathi, halafu katikati paneli nne zimetajwa na bei yake. Umeme hakuna, simu inachajiwa na nini? Kesho ataweka namba ya muuzaji. Kuna anayemfahamu huyu?

Kisiki cha Mpingo
Hata mimi nimeanza kunusa. Leta picha.

Mama Barafu
Sitaweka namba ya mtu yeyote, wala jina la duka. Simu nachajia kwa kijana anayenyoa kwa sola njia panda.

Picha ya nyumba sina, imeshavunjwa. Nitawaambia kilichokuwa ukutani. Sebuleni, nyuma ya mlango, baba alikuwa anachora mstari kwa kipande cha mkaa kila maji yakishuka, na mwaka pembeni. Wa Desemba 2011 ulikuwa juu ya kitasa. Mwaka ule walikufa watu zaidi ya 40 Dar hii, wengine wakapelekwa Mabwepande, baba akagoma kuhama. Wa 2018 ulifika kwenye swichi ya taa, akasema tuzihamishie juu, akafa kabla hajalipa fundi. Mimi ndiye niliyezihamisha. Siku ya kuvunja niliomba wanisubiri, nikapitisha kitambaa cha maji nione kama mkaa ule utafutika. Haukufutika.

Amini au usiamini.

Kinyozi Msomi
Nisamehe dada. Kwetu Jangwani ilikuwa rangi nyekundu ya kucha ya mama.

Mama Wawili
Pole mpendwa. Wapigie leo.

Mama Barafu (kesho yake, usiku)
Nimewapigia. Wa Tabata amelia. Wa Mwanza anataka chake taslimu mwisho wa mwezi, na ana haki. Wa mwisho amepokea, kasema atakuja Jumapili tukae na mama. Muuzaji nimemwambia asilete vyote, alete paneli mbili kwanza, anasema milioni mbili yangu inabaki palepale. Fundi, mbili zitaendesha friza?

Fundi Waya
Zitaendesha, uniti kama tatu kwa siku. Ila inveta chukua ile kubwa sasa hivi, paneli utaongeza baadaye. Bati lako limeelekea wapi?

Mama Barafu
Limeelekea barabarani.

Fundi Waya
Jua linatokea wapi?

Mama Barafu
Mbele, upande wa barabara.

Fundi Waya
Basi ni mashariki, mchana litakuibia. Usizilaze juu ya bati. Chomelea fremu ya chuma, ziangalie kaskazini, ziinamishe kidogo, nyuzi kumi hivi, mvua izioshe vumbi. Jumamosi piga picha nizione kabla hawajakaza nati.